Vandale wa Nyumba ya Pili

Mama yangu alijua maneno machache ya Kifaransa, na yote aliyapata mahali pamoja: kwenye foyer, ile nyumba ya Kampuni ya madini pale Likasi ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika keki na kuogesha watoto kwa utaratibu wa kizungu. Alirudi nyumbani na "bonjour", na "doucement", yaani polepole, na "propre", yaani safi. Lakini alilolipenda kuliko yote ni lile ambalo sista wa kushona aliwafokea nalo siku walipokata kitambaa ovyo: vandales! Wanawake wenzake walinuna. Mama alilifunga lile neno kwenye pindo la kitenge chake akaja nalo kambini.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepona. Kuku waliochakura mchicha wake walikuwa vandale. Siafu walioingia jikoni wakati wa mvua walikuwa vandale. Mimi na kaka zangu tulikuwa vandale kila tulipogombania ukoko wa bukari, ugali wa kwetu, na nadhani tulistahili. Halafu kulikuwa na wageni wa siku ya mposho, yaani ile siku ya mwezi ambayo Kampuni iliwagawia wafanyakazi unga, maharagwe na mafuta. Baba hakuwahi kumwambia mtu tarehe, lakini ndugu waliokuwa hawajaonekana tangu mwezi uliopita walitokea mlangoni wakiuliza hali ya afya zetu. Hao Mama aliwapa viti, akawapa maji, akawapa bukari, na mgongo wao ulipogeuka akawapa neno.

Shuleni kwa masista nilikuta neno hilohilo kwenye kamusi nene iliyofungiwa kabatini. Nilikuwa msichana wa kupenda kuwakosoa wakubwa, tabia ambayo bado ninayo na siionei haya. Nikaenda mbio nyumbani kumweleza Mama kwamba Vandale walikuwa kabila la zamani, huko Ulaya, watu waliovamia mji mkubwa wakapora kila kitu, na kwamba kuku hawezi kuwa vandale kwa sababu hana kabila.

"Kabila ya wapi?" akauliza kwa Kiswahili cha kambini, akiendelea kuchambua maharagwe. "Iko na bantu yao hapa Likasi?"

Nikasema walikwisha, zamani sana.

"Banakwisha namna gani? Minye minabaona kila siku."

Nikambana anieleze basi, kwa maneno yake, vandale ni nani. Akafikiri. Mwizi, akasema, anachukua kwa sababu ana njaa ya kile kitu. Mharibifu anavunja lakini hachukui. Vandale anachukua na anavunja, na kisichochukulika anakichukua vilevile. "Vandale anabeba kifuniko ya sufuria," akasema, "na ile sufuria yeye hana nayo." Sijawahi kuona maana nzuri zaidi ya hiyo, na nimefundisha Kifaransa maisha yangu yote.

Kulikuwa na vandale wengine ambao Mama aliwataja kwa sauti ndogo tu. Ilikuwa miaka ile wanaume walipovaa koti bila tai, tukaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, na serikali ikachukua duka la Mgiriki la karibu na soko ikampa mkubwa mmoja wa mjini. Mkubwa aliuza kila kilichokuwa ndani, kisha akauza rafu, kisha mizani. Siku Mama alipokwenda kutafuta uzi akakuta pamebaki chumvi na viberiti, alirudi, akasimama katikati ya nyumba na kulisema lile neno. Baba alikwenda kufunga dirisha. Halafu redio ikaanza nyimbo za kumsifu Kiongozi, na Baba akaongeza sauti ili majirani wasikie tunavyozipenda.

Lakini vandale mkuu, yule ambaye wengine wote walikuwa wanafunzi wake, aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Hapo lazima nieleze kidogo.

Baba alifanya kazi usine, yaani kiwandani, kwenye mabirika ya asidi, ndiyo maana mashati yake yote yalikuwa na vitundu. Alizaliwa kwenye vijiji vya wavuvi vya ziwa la Tshangalele, katika ukoo wa Mbuzi. Kwao kila ukoo una watani wake, na watani wa Mbuzi ni ukoo wa Chui, kwa sababu ambayo haihitaji mwalimu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya padri, kukuvua kofia na kula chakula chako, na kitu alichobeba unakikomboa kwa bei anayotaja yeye, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na ukoo wako wote utachekwa hadi kijijini. Mama alitoka mbali, upande wa Kongolo, kwa watu wastaarabu ambao hawajiiti mbuzi.

Jirani wa nyumba ya pili alikuwa Chui. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamsha watu wa zamu ya usiku, na mume wake alikuwa akilinda mitambo ya umeme kule Koni, akirudi mwisho wa juma tu. Hakujua kupiga hodi. Aliingia, akafunua sufuria, akachagua kipande cha samaki, akamtazama Baba juu hadi chini.

"Bibi ya Mbuzi," alimwambia Mama, "unamulisha muzuri huyu. Anaanza kunenepa. Tutamukula Noeli."

"Chui hana meno," Baba alijibu. "Atakula nini? Mchuzi?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama alikirudisha kifuniko kwa kishindo akasema neno lake, hata kabla mgeni hajavuka kizingiti. Jirani akamuuliza Baba maana yake. Baba, ambaye nilikuwa nimemsomesha, alimweleza habari za wale watu na ule mji.

"Mji muzima?" jirani akauliza.

"Muzima."

Alifurahi sana. Alitoka pale akitembea kwa mikogo.

Mama hakuelewa kabisa. Alijua huu ni utani, Baba alikuwa ameeleza mara nyingi, lakini kujua na kukubali ni vitu viwili. Siku alipokufa kaka wa yule jirani, Baba alikwenda msibani akarudi amevaa kofia ya marehemu, na mkononi sufuria ya maharagwe ambayo bado ilikuwa inatoa moshi. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, maana alimpenda yule mtu. Mama aliona aibu mpaka akakosa pumzi. Akanituma nirudishe vyote viwili saa ileile, na niombe msamaha. Nilifanya hivyo, na jirani, ambaye nilidhani atashukuru, alipokea kofia na sufuria, na hakuingia kwetu kwa juma zima. Mama alisema afadhali. Samaki walidumu juma lile.

Sasa nifike kwenye cherehani. Lilikuwa la mkono, jeusi, na maua ya dhahabu ubavuni. Baba alilileta kutoka Lubumbashi kwa treni, amelipakata safari nzima, na kwa cherehani hilo Mama aliwavisha wasichana wa kambi magauni ya komunyo na mama zao blauzi za vitenge. Alilitia mafuta kila Jumapili baada ya misa. Sisi watoto tuliruhusiwa kuligusa tukishanawa mikono, na hata hivyo kwa kidole.

Na alikuwa na hofu moja kuhusu hilo cherehani, hofu aliyoisema waziwazi. Kwa watu wa Baba, mwanamume akifa, mali yake ni ya ukoo wa mama yake: kaka zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Huja na kuchukua. Barabara ya nyuma yetu kulikuwa na mjane ambaye mashemeji zake walimwachia mkeka. Walichukua vitanda, sahani, pazia, na mmoja wao alipanda kwenye kiti akafungua glopu ya taa. Kisha wakachukua kiti. Mama alikwenda kumpa pole akarudi amebadilika uso. "Baba yenu akitangulia," alituambia, "hii mashini nitaishika na meno." Nyumba ilikuwa ya Kampuni na siku moja tungeiacha. Cherehani lilikuwa ndilo shule yetu na chakula chetu.

Baba alitangulia. Ilikuwa malaria iliyompanda kichwani, katikati ya msimu wa mvua, na ilimaliza kazi yake upesi mno hata hatukuwahi kuzoea kwamba anaumwa. Nilimpenda kupita kiasi. Hadi leo nikiona shati lenye vitundu kwenye kamba ya nguo, moyo unaniruka.

Asubuhi ya mazishi, mwili wa Baba ukiwa bado hospitali ya Kampuni, wanawake walikuwa wamejaa uani, wamekaa kwenye mikeka, wakilia kama inavyotakiwa. Mama hakuwa nao. Alikuwa chumbani, sakafuni, amekumbatia cherehani, na alikuwa amelifunga kwenye kiuno chake kwa kitenge, fundo mbili. Wanawake walinong'ona kwamba si desturi mjane kukaa na mashini badala ya kukaa na watu. Lakini habari zilikuwa zimefika: baba zetu wadogo wametoka Tshangalele kwa lori la samaki, wako njiani, na yule mkubwa wao amepanda na kamba.

Waliofika kwanza, hata hivyo, ni Chui.

Sikujua kama wako wengi hivyo. Walitoka nyumba za kambi, wengine walitoka machimbo ya Kakontwe na vumbi jeupe la chokaa kwenye nyusi. Mbele yao alikuwa jirani yetu, amejipaka majivu usoni, analia kwa sauti ya uongo: "Mbuzi anakufa! Mbuzi anakufa na hatuyamuonja!" Wanawake kwenye mikeka walinyamaza, kisha mmoja akacheka, kisha wawili. Kijana mmoja alivaa helmeti ya Baba na viatu vyake vya usine, akatembea uani kama yeye, bega moja chini, akikemea watoto kwa maneno yake hasa. Nilicheka. Nilikuwa nimelia usiku kucha, na nilicheka mpaka tumbo likaniuma, kwa sababu kwa dakika moja alikuwa amerudi.

Kisha wakaingia ndani na kuanza kubeba. Kubeba kweli. Vitanda vilitoka na magodoro yake. Meza ilitoka. Redio ilitoka ikiwa inaimba. Sufuria zilitoka juu ya vichwa, na mzee mmoja alipita akiwa na kifuniko tu, nami nikakumbuka maana ya Mama. Vitu vyote vilivuka ua na kuingia nyumba ya pili.

Mama alikuwa ameona kofia na sufuria ya maharagwe katika maisha yake, lakini hakuwahi kuona nyumba nzima ikitembea. "Vandale!" alipiga kelele kutoka chumbani. "Bavandale! Bwana yangu hajazikwa!"

"Njo sisi!" wakajibu kwa furaha, na mmoja akarudi kuchukua pazia.

Jirani aliingia chumbani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alishika kitako cha cherehani, Mama akashika maua ya dhahabu, wakavutana. Mama alimuuma mkono. Jirani hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Majivu yalikuwa yamechirizika mashavuni mwake, na chini ya majivu alikuwa analia kweli.

"Achilia, mama," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Achilia mbele bafike."

Mama hakusikia, hasira ilikuwa imemziba masikio. Mimi nilisikia: kabla baba zetu wadogo hawajafika. Nikapiga magoti nyuma yake nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili. Cherehani liliondoka, likapita mlangoni juu ya kichwa cha Chui, na Mama akanipiga kofi ambalo naweza kulisikia nikitaka. Akaniita lile neno. Mara zote alizoniita hivyo, hiyo ndiyo iliyoniuma.

Lori la samaki lilisimama wakati huohuo, au ndivyo ninavyokumbuka. Baba zetu wadogo walishuka wakilia kwa nguvu, pamoja na watoto wa dada zao, na kapu moja la samaki wa kukausha. Mkubwa alikuwa na kamba begani, ndefu, mpya. Alitukumbatia sisi watoto haraka, akaingia ndani kumlilia kaka yake, na kilio chake kikakatika ghafla. Ndani kulikuwa na Mama, sakafu na misumari ya pazia.

"Bintu iko wapi?" akauliza.

"Bachui banabeba," wanawake wakamjibu kutoka uani, wote kwa pamoja.

Alitoka nje. Uani kwa jirani aliona vitanda vya kaka yake vimepangwa chini ya jua, na juu ya kimoja mtu wa Kakontwe amelala anakoroma kwa makusudi. Redio ilikuwa inaimba. Baba yetu mdogo alikunja uso, na watu wote, nyumba zote za barabara ile, wakamtazama kuona kama atakasirika.

Alikuwa Mbuzi. Alikulia kwenye desturi ile, na alijua kwamba neno moja la hasira lingefika Tshangalele kabla yake. Nikaona mdomo wake ukihangaika. Kisha akacheka. Sijawahi kuona mtu akicheka kwa taabu namna ile.

"Komboa," jirani akamwambia. "Kitanda moja, mbuzi moja. Meza, mbuzi moja. Mashini, mbuzi mbili. Hauna mbuzi? Mbona minye minaona mbuzi mingi hapa, inashuka kwa kamyo? Ingieni mu sufuria, tumalize kesi."

Watu walianguka kwa kicheko. Baba mdogo alijaribu tena baada ya mazishi, kwa upole, na bei ikapanda. Alijaribu kesho yake, ikapanda zaidi. Jirani hakuwa dhalimu: aliwapa baiskeli ya Baba, viatu vyake na nguo zake, akisema hivyo ni vya damu yao na hakuna anayewanyima. Kofia ya Baba aliinusa kwanza, kisha akawapa. Wakapanda lori na kurudi ziwani, na kamba ikiwa bado imeviringishwa vilevile.

Mama alikaa kwenye nyumba tupu akiangalia ukuta. Nadhani alikuwa ameanza kuelewa na hakutaka kuelewa haraka. Jioni alinipa kipande cha samaki cha katikati, kile alichokuwa akimwekea Baba.

Matanga yalipokwisha vitu vilianza kurudi. Vitanda vilikombolewa kwa sahani za bukari. Meza ilikombolewa kwa maandazi ya foyer. Redio ilirudi baada ya Mama kuimba wimbo mbele ya Chui watatu, naye hakuwa na sauti, na Chui walisema afadhali wangeomba kuku. Yule mzee wa kifuniko alikileta mwenyewe, akala, akalala, akaondoka jioni. Hapo ndipo Mama aliponiuliza, bila kunitazama, kama nakumbuka zile siku jirani aliponuna kwa ajili ya kofia na sufuria. Nikasema nakumbuka. "Tulimurudishia bure," akasema. "Bila kutukombolesha. Ni kama tulimwambia hatumujue." Akashika kichwa.

Cherehani lilirudi mwisho. Jirani alikuja nalo kichwani, saa ya mchana, wakati barabara ina watu, na akasimama uani kwetu bila kulitua.

"Bibi ya Mbuzi. Nakuletea mashini yako. Komboa."

"Niko na kuku moja," Mama akasema. "Beba."

"Kuku, hapana. Minye nataka ile jina. Ile ya Kifaransa. Miaka yote unaniita ku mugongo. Leo uniite ku macho, bantu basikie."

Mama alifungua mdomo. Neno alilowapa kuku na siafu kila siku ya Mungu lilikataa kutoka. Alikuwa hajalia vizuri tangu Baba afe, kazi ya kulinda ilikuwa imemnyima nafasi, na sasa alilia palepale amesimama, mikono chini, kama mtoto. Jirani alisubiri. Shingo yake ilikuwa inatetemeka kwa uzito.

"Vandale," Mama akasema.

"Sisikie."

"Vandale!"

Nadhani walisikia hadi Kakontwe. Jirani akaingia ndani, akalitua cherehani mezani, akafuta maua ya dhahabu kwa kiganja, akasema, "Njo ile." Kisha akamchukua kuku pia, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Mama hakutuita tena vandale, hata tulipovunja sahani, hata siku kaka yangu alipochana gauni la komunyo la mtoto wa watu. Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anashona, hakuinua kichwa. Akasema bado hatujafikia.